Alama Mia na Kumi na Nne za Mheshimiwa Stroud

Kuanzia tarehe mosi Septemba, kila mkazi wa Kaunti ya Quillan, Montana, atakuwa salama. Hivyo ndivyo lilivyosema tangazo lililobandikwa kwenye mlango wa mahakama, posta, duka la chakula cha mifugo na, kwa kuwa nakala zilizidi, kwenye milango yote miwili ya choo cha baa ya njia panda. Chini yake palikuwa na saini ya Mheshimiwa Delmar Stroud, Mwenyekiti wa Baraza la Kaunti, ndefu kuliko tangazo lenyewe.

Aliyelichapa tangazo hilo ni Arlys Bergum, karani wa kaunti, mwanamke wa miaka hamsini na saba. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa amechapa kila kitu kilichotokea Quillan, na vingi ambavyo havikutokea. Alikuwa mtu makini. Aliuliza swali moja tu.

"Mheshimiwa, na tarehe thelathini na moja Agosti je?"

"Hicho ni kipindi cha mpito," akasema Mwenyekiti.

Chanzo cha mambo yote kilikuwa mashine ya kufulia. Mwezi Aprili bwana mmoja wa mtaa wa reli alikuwa anasafisha bunduki aliyoamini haina kitu ndani. Risasi ambayo haikuwamo ikatoka, ikapita ukutani, ikaimaliza mashine ya jirani katikati ya mashuka. Baraza likakaa kikao cha dharura. Wajumbe walisimama kimya dakika nzima, ingawa kumbukumbu za kikao hazionyeshi ilikuwa kwa ajili ya nani. Kisha wakaunda Kamati ya Uhifadhi wa Silaha na Vifaa Ambatani, kwa kifupi KAUSIVA, na uenyekiti ukaenda kwa Mheshimiwa Stroud, ambaye alijiteua, akajiunga mkono, halafu akakubali kwa unyenyekevu mkubwa.

Lazima ieleweke kwamba huku kwetu bunduki ni nyingi kuliko watu, na ukiwatoa ndama, ni nyingi kuliko ng'ombe. Hakuna anayeona ajabu. Vuli ikifika watu wanakwenda mlimani kuwinda, wanajaza friji nyama ya kulungu, wanajisifu mpaka theluji iyeyuke. Mwezi Novemba Mheshimiwa alikuwa anagombea useneta wa jimbo, na mgombea anayewagusa watu bunduki zao hapa Quillan hugombea mara moja tu. Kwa hiyo KAUSIVA haikuundwa kumpunguzia mtu kitu. Iliundwa kumwongezea.

Kazi ya kuongeza alipewa shemeji yake, Kip Dunleavy, mwenye duka pekee la vifaa vya bunduki mjini Dray. Akawa Mkurugenzi wa Vifaa Ambatani. Palikuwa na minong'ono ya mgongano wa maslahi, lakini Mwenyekiti aliimaliza barazani siku hiyo hiyo. Maslahi hugongana, alieleza, yakiwa sehemu mbili tofauti. Haya yote yalikuwa dukani kwa Kip.

Ndipo ikazaliwa Fomu 7-B, yenye kurasa tisa na alama mia moja. Darubini juu ya bunduki, alama kumi. Darubini ya pili, ya kuangalia kama ile ya kwanza imekaa sawa, alama tano. Taa ya mtutu, nane. Miguu miwili ya kusimamishia bunduki, saba. Kishikio cha kikombe cha kahawa, mbili. Kwa upande wa uhifadhi, sefu yenye zulia ndani ilipata kumi, yenye kusoma alama za vidole kumi na mbili, na ile inayomtumia mwenye nyumba salamu kwenye simu siku yake ya kuzaliwa ilipata nne za ziada.

Rasimu ya kwanza ilikuwa pia na swali lililouliza, "Je, bunduki imetolewa risasi na kufungiwa?" Katika rasimu ya tatu swali hilo liliondolewa kwa kukosa nafasi. Arlys ndiye aliyelifuta. Alilitazama lilivyotoweka herufi moja moja, akakaa kidogo bila kugusa kitu, kisha akaendelea na kishikio cha kikombe. Alikuwa amebakiza miezi mitatu kustaafu.

Ukaguzi ulianza vizuri. Kwa Lyle wa kituo cha mafuta walikuta bunduki chini ya sinki la jikoni, kati ya sabuni na dawa ya panya, ikiwa na risasi tele. Lakini ilikuwa na taa ya mtutu, darubini mbili, mkanda wa bega wa ngozi ya nyati na vikorokoro vingine kumi, vyote vilivyonunuliwa jana yake. Alama sitini na moja. Lyle alipewa cheti cha Kaya Salama na kibandiko cha dirishani, akapeana mkono na Mwenyekiti, na mtoto wake wa miaka sita akaagizwa alete sabuni ya vyombo kutoka chini ya sinki ili wageni wanawe mikono.

Arlys aliandika yote aliyoulizwa na fomu. Fomu haikuuliza kuhusu sabuni.

Jumanne ya pili ya Septemba, saa nne asubuhi, pikapu ya KAUSIVA ikasimama mbele ya nyumba ya Wilma Skaar.

Wilma alikuwa mjane wa miaka sabini na tisa, mrefu, mkavu, mwenye sauti ya kuita farasi. Kwa vuli arobaini na tisa alikuwa akifundisha, bila malipo, lile darasa la usalama ambalo mtoto lazima alipite kabla jimbo halijampa leseni ya kuwinda. Wote watatu waliokuwa kwenye pikapu walikuwa wamepita mikononi mwake. Arlys alifaulu akiwa na miaka kumi na miwili. Delmar Stroud alifaulu mara ya tatu. Kip alifukuzwa siku ya pili kwa kumwelekezea mfagizi wa shule bunduki ya mbao na kusema pa.

"Karibuni," akasema Wilma mlangoni. "Futeni viatu. Wewe Delmar hasa."

Mwenyekiti akasafisha koo. "Mama Skaar, kwa mamlaka niliyokabidhiwa na Baraza la—"

"Viatu kwanza, mamlaka baadaye."

Wakafuta viatu. Wilma akawapeleka kwenye chumba cha nyuma, ambako kabati la chuma la rangi ya kijivu lilikuwa limefungwa ukutani kwa boliti nne nene kama vidole gumba. Akatoa ufunguo uliokuwa shingoni mwake kwa kamba ya kiatu, akafungua. Ndani mlikuwa na bunduki mbili, moja yake, moja ya marehemu mumewe. Akazitoa moja moja, mtutu ukielekea sakafuni pembeni, akafungua chemba ya risasi, akaangalia, akaingiza kidole cha mwisho kuhakikisha, akaangalia tena. Kisha akamwonyesha kila mmoja wao kama mtu anayeonyesha kwamba sahani imeoshwa.

"Risasi ziko wapi?" akauliza Arlys, ingawa fomu haikumtuma.

"Chumba kingine, kwenye sanduku lenye kufuli lake. Ufunguo wa pili uko benki."

Kip alikuwa ameshalitazama kabati kwa huruma. Akabofya kalamu. "Tuanze. Bunduki ina taa?"

"Ya nini? Usiku silengi."

"Darubini?"

"Nalenga kwa macho. Kulungu hawajalalamika."

"Miguu ya kusimamishia?"

"Nina yangu miwili."

"Kabati lina zulia ndani?"

Wilma akamtazama. "Kwani zinasikia baridi, Kip?"

"Mama, naomba tusiingize masihara kwenye ukaguzi. Kabati linaunganishwa na simu?"

"Liiambie nini simu?"

"Kwa mfano, kwamba limefunguliwa."

"Likifunguliwa nimelifungua mimi. Nitakuwa nimesimama hapo hapo."

Kip akajumlisha, akajumlisha tena kwa heshima ya umri wake, akampa Mwenyekiti karatasi. Alama tatu. Mbili za mkanda wa bega na moja ya ushirikiano, na hiyo ya ushirikiano, alisema, ilikuwa na utata.

"Mama Skaar," akaanza Mwenyekiti, kwa ile sauti aliyokuwa akiifanyia mazoezi kwa ajili ya misiba, "kwa masikitiko makubwa, nyumba yako ni Kaya Hatarishi Daraja la Tatu. Na kwa mujibu wa kanuni, mtu wa kaya hatarishi hawezi kuwafundisha watoto wetu usalama. Darasa la vuli hii litachukuliwa na Mkurugenzi."

"Mkurugenzi yupi?"

Kip akainua mkono.

"Atawafundisha nini?" akauliza Wilma.

"Utangulizi wa Uteuzi wa Vifaa Ambatani kwa Watoto," akasema Kip. "Kutakuwa na punguzo la bei."

"Ni mfumo, Mama Skaar," akasema Mwenyekiti. "Mfumo haumjui mtu."

"Hilo nimeliona."

Ukurasa wa tisa ulihitaji muhuri wa karani. Wakamgeukia Arlys.

Wilma alianza kufundisha mwaka mmoja baada ya kumzika mtoto wa dada yake, aliyekuwa na miaka tisa. Bunduki ilikuwa nyuma ya mlango wa jikoni, mahali ambapo bunduki za Quillan zilikuwa zikikaa tangu Quillan iwe na jikoni. Habari hii haimo kwenye jalada lolote la kaunti. Arlys aliijua kwa sababu kila mtu aliijua, na hakuna aliyewahi kuisema kwa sauti.

Akatoa muhuri kwenye mkoba, akaupulizia, akaugonga.

Wilma akainama kuutazama. Hakumtazama Arlys; aliutazama muhuri. "Umekwenda upande," akasema. "Ulikuwa na mkono mnyoofu ulipokuwa mdogo."

"Ndiyo, mwalimu," akasema Arlys.

Walipokuwa wanatoka, Wilma akampa Arlys pai ya matunda ya porini iliyofunikwa kwa karatasi ya foili, kwa kuwa alikuwa ameioka kwa ajili ya wageni na wageni walikuwa wamekuja. Njiani hakuna aliyesema neno isipokuwa Kip, aliyesema kwamba pai ilikuwa tamu lakini haina kitu juu yake.

Baada ya wiki mbili KAUSIVA ilikuwa imetoa vyeti mia mbili na kumi, na duka la Kip lilikuwa limebaki kuta. Mwenyekiti akaona wakati umefika wa kuwapa wananchi kielelezo. Akatangaza kwamba nyumba yake mwenyewe itakaguliwa hadharani, iwe Nyumba ya Mfano, na akamwita mwandishi wa gazeti la kaunti, binti mmoja mwembamba aitwaye Joss, aje na kamera. Picha ingetoka ukurasa wa mbele, wiki tano kabla ya uchaguzi.

Jumamosi asubuhi wakakusanyika sebuleni kwake. Corinne, binti wa Mheshimiwa, alikuwa jikoni akiwapikia wageni kahawa. Alikuwa amekuja kumtembelea baba yake pamoja na mwanawe Posy, msichana wa miaka minne mwenye mabuti mekundu, aliyekuwa amekaa chini ya meza akizungumza na sungura wa kitambaa.

Sefu ya Mheshimiwa ilikuwa na ukubwa wa ng'ombe aliyesimama. Ililetwa kwa kreni. Ukuta ulibomolewa ili iingie, kisha ukajengwa tena nyuma yake, hivyo kwamba sasa nyumba haiwezi kuuzwa bila sefu, wala sefu bila nyumba. Ilifunguka kwa kidole, kwa sauti na kwa namba, vyote vitatu kwa mpigo.

Mheshimiwa akaweka kidole. Sefu ikalia kama mbuzi.

"Mafuta ya bekoni," akaeleza, akajifuta kwenye suruali. Akaweka tena. Ikakubali. Akainama kwenye kitundu cha sauti. "Stroud kwa Seneti."

Sefu ikanyamaza.

"Ongeza sauti, shemeji," akasema Kip kutoka kwenye kochi. "Uliirekodi ukiwa na hasira."

"STROUD KWA SENETI!"

Ikalia tena. Baada ya dakika nne, jasho likimtoka, mlango ukafunguka wenyewe polepole na taa za bluu zikawaka. Joss akapiga picha. Ndani, kwenye zulia la kijani, mlikuwa mmepangwa maboksi toka chini hadi juu. Darubini, taa, mikanda, viziba sauti, miguu miwili, miguu mitatu, mifuko ya kuwekea mifuko. Katikati, kwenye kigari chenye magurudumu manne, ilisimama bunduki moja tu, iliyovikwa vifaa mpaka ikafanana na mti wa Krismasi. Mheshimiwa alijaribu kuiinua kwa ajili ya picha. Ikainuka upande mmoja. Akaamua kupigwa picha akiwa ameishika bega, kama rafiki.

Kip akajumlisha kwa sauti. "Alama mia na kumi na nne!"

"Kati ya mia?" akauliza Joss.

"Zilizozidi ni za uzalendo."

Arlys alikuwa anaziandika hizo za uzalendo aliposikia sketi yake ikivutwa. Posy alikuwa ametoka chini ya meza.

"Bibi, wewe ndiye unayetafuta bunduki?"

"Ndiyo, mama. Tumeshaiona."

"Hujaziona zote," akasema Posy, kwa sauti ya mtu anayejua mchezo kuliko wenzake. "Moja Kip ameikalia."

Kip akatazama kochi. Akatazama sefu. Kisha akainuka polepole sana, mikono juu, kama mtu anayesimama kutoka kwenye mayai. Arlys akanyanyua mto. Chini yake palilala bastola nyeusi, mtutu ukielekea pale alipokuwa amekaa Mkurugenzi wa Vifaa Ambatani.

"Nyingine imo kwenye buti la babu pale mlangoni," Posy akaendelea. "Na nyingine kwenye droo ya taulo, ile ya chini, ambayo na mimi naifungua."

"Delmar," akasema Kip, bado mikono juu, "umeniweka juu ya—"

"Tulieni," akasema Mheshimiwa. "Joss, weka chini hiyo kamera. Hakuna kosa hapa. Kamati hii ni ya uhifadhi. Zile hazijahifadhiwa. Ziko kazini."

"Kwa nini haziko ndani ya sefu?" akauliza Joss.

"Ziingie wapi? Huoni imejaa? Na mwizi atanisubiri dakika nne nimpigie kelele sefu?"

Arlys alikuwa amepiga magoti mbele ya Posy. "Posy mama, ukiiona bunduki, unafanya nini?"

Alitarajia yale maneno ambayo kila mtoto wa darasa la Wilma aliyaimba, simama, usiguse, ondoka, mwambie mkubwa.

"Huwa namletea babu," akasema Posy. "Ananiambia msichana mzuri."

Corinne alikuwa mlangoni na sinia la kahawa. Alikuwa amesikia kila neno.

Arlys akasimama. Aliibeba bastola ya kwanza mtutu ukitazama ukuta wa mawe wa mahali pa moto, na mikono yake ikafanya yenyewe mambo ambayo haikuwa imeyafanya kwa muda mrefu. Magazini nje, chemba wazi, akaangalia, kidole cha mwisho, akaangalia tena. Akaenda kwenye buti, kisha kwenye droo. Risasi alizimimina kwenye bakuli la sukari lililokuwa tupu mezani. Bakuli likajaa nusu. Kip bado alikuwa na mikono juu. Hakuna aliyekumbuka kumwambia aishushe.

Kisha Arlys akakaa, akafungua fomu ukurasa wa tisa. Pale chini palikuwa na mistari mitatu iliyoandikwa "Maelezo Mengine". Katika nyumba mia mbili na kumi hakuna aliyewahi kuandika chochote hapo.

"Arlys, funga hiyo fomu," akasema Mheshimiwa.

"Bado namalizia, Mheshimiwa." Akaandika kwa mwandiko wake wa ofisini: Bastola tatu nje ya sefu, zote zina risasi, zote zinafikiwa na mtoto wa miaka minne, naye huwa anamletea babu yake. Kaya Hatarishi Daraja la Kwanza. Akagonga muhuri. Ulikaa sawa.

"Nitakufukuza kazi kabla ya chakula cha mchana!"

"Utashindwa, Mheshimiwa. Kanuni ya tisa." Hakuhitaji kuifungua, aliichapa mwenyewe mwezi Julai. "Mjumbe yeyote wa Baraza ambaye kaya yake itaonekana hatarishi atakoma kuwa na mamlaka papo hapo, bila kujali cheo, umri wala umaarufu, mpaka atakapohitimu darasa la usalama."

"Hiyo niliiweka kwa ajili ya daktari wa mifugo!" akafoka Mheshimiwa. Daktari wa mifugo alikuwa mjumbe wa Baraza aliyempinga kila kikao. "Yule anaacha bunduki kwenye gari lake, kila mtu anajua! Haikuwa ya kwangu!"

Joss akainua kichwa kutoka kwenye daftari. "Niiandike hivyo hivyo?"

Corinne alikuwa ameshaweka sinia chini na kumvika Posy koti. Alilifunga kifungo kwa kifungo bila kumtazama baba yake.

"Mnakwenda wapi?" akauliza Stroud. "Mmekuja jana tu. Corinne. Mlisema wiki mbili."

"Hatutakuja tena hapa, baba, mpaka uwe na cheti."

"Ninacho! Alama mia na kumi na—"

"Cha watoto," akasema Corinne. "Kile cha Mama Skaar."

Posy alimpungia babu yake mkono wa sungura, akatoka na mabuti yake mekundu. Stroud akabaki amesimama kando ya sefu, ambayo mlango wake ulikuwa umeanza kujifunga wenyewe.

Gazeti lilitoka Alhamisi. Baraza, likiongozwa na daktari wa mifugo, lilikaa dakika kumi na moja na kuifuta Fomu 7-B pamoja na vyeti vyake vyote. Darasa la Kip nalo likafa lenyewe, baada ya ofisi ya jimbo kule Helena, makao makuu, kujibu kwamba mwalimu wa usalama ni lazima awe amewahi kufaulu darasa la usalama. Ikabaki kumrudisha Wilma. Baraza zima liliona aibu kwenda, kwa hiyo likamtuma karani.

Arlys alifuta viatu kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Nimeagizwa nikuombe urudi, mwalimu," akasema. "Na mimi mwenyewe, hili sikuagizwa. Ule muhuri niliugonga mimi."

"Nilikuwepo."

"Swali la kufungia bunduki pia nililifuta mimi. Nilijua ninachokifuta. Naomba unisamehe."

Wilma alikuwa anamenya viazi. Akamaliza kiazi alichokuwa nacho, akakitazama, akakitia majini. "Nimekasirika wiki nne," akasema. "Leo Jumatano. Nadhani nitaendelea mpaka Ijumaa. Jumamosi njoo na kahawa, ukumbi ule una baridi na mimi nimezeeka."

Arlys akatoka. Alipofika pikapuni ndipo machozi yakamtoka, akayaacha.

Jumamosi ukumbi wa mazoezi wa shule ya Dray ulikuwa na watoto ishirini na watatu wa miaka kumi na kumi na moja, na mgombea mmoja wa useneta. Madawati yalikuwa ya kimo cha watoto. Magoti ya Stroud yalifika karibu na tai yake. Wilma alipoita majina, akasimama nusu na kuanza, "Mheshimiwa Delmar—"

"Stroud, D.," akasema Wilma. "Yupo. Kaa."

Wiki ya kwanza alikuja na wakili, ambaye Wilma alimpa bunduki ya mbao na kumweka mstari wa nyuma. Wiki ya pili alikuja peke yake. Jirani yake kwenye dawati alikuwa Tansy Redding, wa miaka kumi na moja, mwenye pengo la jino, ambaye kila baada ya dakika chache alimnong'oneza, "Babu, kidole," na Stroud akakitoa kidole kwenye kifyatulio cha mbao. Kwenye jaribio dogo alipata tisa kati ya ishirini. Tansy alipata ishirini, akamfariji kwamba hata kaka yake mwanzoni alikuwa mzito.

Wiki ya tatu hakuvaa tai. Arlys alikuwa mlangoni na chupa ya kahawa alipomwona akinyoosha mkono. Alikuwa ameuinua kidogo tu, kama mtu asiyetaka sana aonekane.

"Ndiyo, Stroud."

"Mwalimu." Akasita. Watoto wakageuka kumtazama. "Kama mtu ana sefu, na sefu imejaa, na ana mjukuu ambaye... ambaye anataka arudi nyumbani. Anafanyaje?"

Wilma akatembeza macho juu ya darasa. "Nani amsaidie?"

Mikono ishirini na mitatu ikapanda.

"Tansy."

"Anatoa takataka zote nje, anaingiza bunduki, anafunga," akasema Tansy.

Hakuna aliyecheka. Kwao lilikuwa jibu la kawaida tu, na baadhi walishusha mikono kwa uchungu wa kunyang'anywa swali rahisi.

"Sahihi," akasema Wilma. "Umelipata, Stroud?"

"Nimelipata, mwalimu."

"Basi liandike."

Stroud akainama juu ya kidawati chake, akalamba ncha ya penseli, akaandika polepole kwa herufi kubwa. Nusu ya mstari akasimama. Akamwegemea jirani yake.

"Hizo takataka," akamnong'oneza, "nizitaje moja moja?"

"We babu," akasema Tansy, "andika tu."